Ambrose Tilling Anauacha Ua wa Miyuu

Tarehe 30 Septemba, Bwana Ambrose Tilling, mkuu wa watunza bustani wa Ockwardine, anastaafu baada ya kuitumikia bustani hii kwa miaka thelathini na minane. Alikuja akiwa na nywele nyingi na mgongo ulionyooka. Anaondoka hana nywele, na mgongo tusiuzungumzie. Kamati ya bustani imeniomba mimi, Thelma Yapp, niliyefanya kazi chini yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume yeyote kati ya waume zangu wawili, niandike maneno machache ya uchangamfu kwa ajili ya kijitabu hiki cha sherehe. Uchangamfu nitajaribu. Tumetoka kukata ua wiki mbili zilizopita na mabega yangu bado hayajarudi mahali pake.

Ambrose angeweza kusifiwa kwa mengine. Aliifufua mipeasi iliyoegemea ukuta wa kusini wakati kila mtu alikuwa amekwisha kuipigia hesabu ya kuni. Alipigana na fuko wa kwenye uwanja wa mbele kwa muda ambao nchi nyingine zimepigana vita na kupatana. Alishinda vikombe kwenye maonyesho ya wilaya kwa vitunguu vikubwa mno visivyoliwa na mtu. Lakini mgeni akitaja Ockwardine hataji vitunguu. Anataja ua wa miyuu, ule uzio wa miti hai iliyokatwa bapa unaoanzia kwenye baraza la nyumba kubwa na kuteremka mpaka chini kabisa penye majimaji. Kwa hiyo nami nitautaja huo, maana hata nikijaribu kuukwepa utanirudisha.

Mwaka wa pili wa Ambrose hapa, jirani wa upande wa magharibi alijenga mabanda ya kuku. Yalikuwa marefu, ya bati tupu, na yalimeta juani hivi kwamba ukikaa barazani unywe chai ilibidi ufumbe macho. Zamani kulikuwa na miti mikubwa pale mpakani, lakini ugonjwa uliimaliza yote kabla hata sisi hatujafika. Kanali Wragge, aliyekuwa mwenye nyumba enzi hizo, aliitisha kikao chumba cha kulia ili uchaguliwe mti wa kupanda. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, nimesimama mlangoni na sinia la chai, na hakuna aliyekumbuka kuniambia niende zangu.

Ambrose aliingia na matawi matatu akayaweka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Moja lilikuwa la saiprasi, zile za kukua haraka. La pili lilikuwa la mti ambao majani yake hugeuka kahawia baridi ikiingia. La tatu lilikuwa la myuu, mti ule wa kijani kilichoiva kama cheusi unaoota kwenye makaburi ya kanisa, usiopukutisha majani hata theluji ianguke.

"Mwuza miche ameniapia," alisema Kanali, akilichezea tawi la saiprasi. "Miaka mitano tu, siwaoni tena wale kuku."

"Na baada ya hapo utatamani uwaone kuku kuliko huo ua," Ambrose akamjibu. "Saiprasi haijui kusimama, Kanali. Itapanda mpaka iyatie giza madirisha ya nyumba. Ukisema uikate mpaka ndani kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani, haichipui tena, inabaki kahawia kama mkeka wa mlangoni. Huyu myuu ukimkata mpaka kwenye gogo, anachipua. Unaweza kumkosea na akakusamehe. Unamkata mara moja tu kwa mwaka, na hata Krismasi bado ni kijani."

"Ubaya wake?"

"Anakwenda polepole. Tena ni sumu. Ng'ombe akila tawi lake hamalizi siku. Kila kijiti tutakachokata lazima kiokotwe."

"Kiokotwe na nani?"

Ambrose akageuka akaniona na sinia langu. "Na huyu," akasema. Nimekuwa nikiokota tangu siku hiyo.

Kanali alikoroga chai yake kitambo. "Mimi nina miaka sabini na minne, Tilling. Huo ua wako nitauona lini?"

"Hutauona."

Nilidhani atafukuzwa kazi pale pale na mimi nitumwe kumletea koti lake. Kanali alimtazama, akatazama tawi, akasema, "Haya. Walau humu ndani kuna mtu mmoja asiyeniongopea. Panda." Alifariki baada ya miaka michache, ua ukiwa umemfika kiunoni. Alikuwa akitembea kando yake kila asubuhi akiwa na fimbo, na kila siku aliusalimia kwa kuutukana.

Tulipanda majira ya vuli, udongo ukiwa bado una joto. Tulichimba mtaro mmoja mrefu, tukaulisha samadi iliyooza vizuri, tukapanga miche ya kimo cha goti kwa kufuata uzi. Wageni wa kwanza walituuliza kwa huruma kama ilikuwa mboga. Hapo Ambrose angeweza kutulia, kumwagilia na kungoja kama watu wengine. Lakini alikuwa na wazo, na wazo la Ambrose ni kama unyevu wa ukutani, ukishaingia hautoki.

Ardhi yetu inateremka. Ua wa kawaida hushuka pamoja na ardhi na hakuna anayelalamika. Ambrose alitaka kichwa cha ua kiwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kimetulia kama maji kwenye beseni, ardhi iteremke itakavyo. Maana yake ni kwamba miti ya chini ilitakiwa kuwa mirefu kuliko ya juu, na huko chini ndiko kwenye udongo mbaya kuliko wote.

Desmond Preece, mkata nyasi wetu, bado alikuwa na meno yake yote siku hizo na hakuogopa kuyatumia. "Ardhi inateremka, ua nao uteremke," alimwambia. "Nani atakuja na kipimo?"

"Jicho litapima."

"Jicho la nani? La kuku?"

"Langu," alisema Ambrose, na mjadala ukafungwa.

Huko chini palikuwa na bwawa la samaki la watawa waliokaa hapa zamani, lililofukiwa. Juu limeota nyasi, chini ni udongo wa mfinyanzi ulioloa kama kitambaa cha kudekia. Na myuu, kwa uvumilivu wake wote, haupendi miguu yake ilowe. Ukame utaustahimili, kivuli utakistahimili, wajinga wenye mikasi utawastahimili, lakini maji yakisimama kwenye mizizi unakufa. Ile ya chini iligeuka njano, ikawa kahawia, ikaisha. Desmond akasema ua upindishwe kidogo ulizunguke bwawa. Ambrose akasema ua haupindi. Akapanda upya, ikafa upya. Mara ya tatu alishinda kipindi chote cha baridi na sepetu, akichimba njia ya maji, akijaza kokoto, akiinua tuta refu ili mizizi ikae juu juu. Nilimletea supu huko na alikuwa akiinywa amesimama ndani ya shimo, matope yamemfika magotini. Sikujua nimwonee huruma au nimtupie bakuli.

Miche ya awamu hiyo iliishi, ila kwa kinyongo. Ile ya juu iliposhika kasi na kunawiri, hii ya chini iliongeza kidogo hapa na kidogo pale, kana kwamba imeombwa. Tuliipa jina la Wagonjwa.

Hivyo ndivyo tulivyozeeka. Kila mwaka, kiangazi kikielekea kwisha, Ambrose hufunga kamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa urefu ule ule alioupanga tangu zamani, urefu wa kuyaficha mapaa ya mabanda kwa mtu aliyekaa barazani. Sisi tunakata pande, chini kunene na juu kwembamba ili mwanga ufike miguuni. Kichwa anakata yeye peke yake, juu ya ngazi, na hamruhusu mtu mwingine apande. Kisha tunatandaza maturubai, tunakung'uta, tunafagia, tunapiga magoti na kuokota kijiti kimoja kimoja kwa ajili ya ng'ombe wa watu. Ukimaliza unanuka utomvu mpaka kitandani. Kila mwaka Ambrose anatembea chini ya kamba yake mpaka kwa Wagonjwa, anatazama juu, na kusema, "Mwakani." Mmoja baada ya mwingine, kwa miaka na miaka, walifika. Akabaki mmoja tu asiyeigusa kamba. Desmond akambandika jina la Bibi Harusi, kwa kuwa ametungojesha sote.

Sasa niseme la mabanda, maana bila hilo wageni waalikwa hawatanielewa. Miaka tisa iliyopita mwenye kuku alifariki. Warithi wakauza shamba, mashine zikaja mwishoni mwa kiangazi, zikabomoa mabanda yote, zikachukua bati, pakapandwa nyasi. Kijiji kizima kilijua. Ilizungumzwa baa, ilizungumzwa kanisani. Mahali pekee ambapo haikuzungumzwa ni hapa bustanini, kwa sababu ua ulipandwa ili kuficha mabanda, na mkuu wetu alikuwa bado anangoja mti mmoja ufikie urefu wa kuyaficha. Nani amwambie? Sisi watu wa huku tunaweza kukaa na mwenzetu mwaka mzima bila kumwambia kwamba ana mboga kwenye jino. Tunaita adabu. Mara moja tu Desmond alijaribu, wakati wa chai, akitazama biskuti yake.

"Siku hizi huko ng'ambo kumekuwa kimya, eh?"

"Kuku nao huzeeka," alisema Ambrose.

Sote tukatazama ndani ya vikombe. Mada hiyo haikufunguliwa tena.

Alitakiwa kustaafu miaka miwili nyuma. Aliomba mwaka mmoja kwa ajili ya ua, kamati ikakubali kwa kuwa kamati haipendi kutafuta watu. Akaomba wa pili. Mkewe, Dilys, aliyekuwa mpishi wa shule na kuwalisha nusu ya watu watakaokuwa ukumbini leo, alikuwa amekwisha kupata nyumba ndogo ya kuishi uzeeni huko Borth, kwao Wales, jirani na dada yake. Mwezi wa Nne mwaka huu aliingia kwenye banda letu la vifaa saa ya chai, amevaa koti la safari.

"Ambrose mpenzi, nimekuja kuaga."

"Unakwenda dukani?"

"Nakwenda Borth. Mapazia nimeshatundika, dada yuko pale, bahari iko pale. Kinachokosekana ni mume, na huyo nimemsubiri mpaka nimechoka."

"Mti mmoja tu, Dilys. Msimu huu unafika."

"Mwaka jana ulisema msimu huu. Mwaka juzi ukasema msimu huu." Akatugeukia sisi. "Na nyie mmekaa tu mnakunywa chai."

Tukanywa chai. Ambrose alisimama kumsindikiza, lakini alipofika mlangoni Dilys alikuwa amekwisha kuondoka. Nilisikia gari likiwaka.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu kwetu sote. Ambrose aliishi kwa maharage ya kopo na mkate. Alifika bustanini kabla ya ndege na kuondoka baada yao. Alimpa Bibi Harusi samadi, alimpa majivu, alizibua tena njia ya maji kwa mikono yake. Bega lake la kulia lilikuwa halipandi tena juu ya sikio, na magoti yake tulikuwa tunayasikia kabla hatujamwona. Nilimkasirikia. Nasema waziwazi, sherehe au si sherehe. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa namtazama mtu anayeipoteza nyumba yake kwa ajili ya mti mfupi.

Mwezi wa Nane Dilys alinipigia simu. "Nitakuja mara moja tu, Thelma," alisema. "Siku ya kukata. Nitakuja na gari tupu. Asiposhuka kwenye ile ngazi siku hiyo, simwiti tena. Nitajua amechagua, nami nitazoea." Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Siku ya kukata ilikuwa ya mawingu, siku nzuri kwa kazi hiyo kwa sababu jua kali huunguza majani yaliyokatwa. Kamba ikafungwa. Ambrose akatembea chini yake mpaka mwisho, akapanda ngazi, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Bibi Harusi. Kati ya kiganja na kamba palikuwa pamebaki nafasi ya kupitisha ngumi. Akashuka akitanguliza mguu mzima.

"Mwakani," akasema.

Dilys alikuwa nyuma yetu. Alikuwa ameteremka kandokando ya ua kwa ile nyonga yake mbovu, mkoba mkononi, na alikuwa amesikia.

"Shusha kamba," alimwambia. Hakusalimia.

"Dilys."

"Ishushe mpaka pale mti ulipofika. Kata, nawa mikono, twende."

"Nikishusha hivyo, mtu aliyekaa barazani ataona mapaa ya mabanda."

Desmond alianza kuichunguza reki yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. Mimi nilitazama viatu vyangu. Dilys alitutazama mmoja mmoja, kwa namna aliyokuwa akiwatazama watoto waliomwaga uji.

"Hamjamwambia?" aliuliza. "Miaka yote hii, watu wazima na akili zenu? Ambrose, mabanda hayapo. Yalibomolewa. Thelma anajua, Desmond anajua, padri anajua, na mbwa wa padri anajua. Pale ni nyasi tupu."

"Najua," alisema Ambrose.

Hapo ndipo nilipoinua macho.

"Mimi ndiye ninayepanda juu," alisema taratibu. "Nitakosaje kujua? Niliwaona siku ile wakibomoa. Nilikuwa pale pale juu ya ngazi."

"Sasa muda wote huu ulikuwa unaficha nini?"

Ambrose aligeuza ndoo akaikalia. Aliuweka mkasi magotini. "Siku ile nilijiuliza," akasema. "Kama mabanda hayapo, huu ua una kazi gani? Na kama ua hauna kazi, mimi nina kazi gani? Nikaona nisiseme. Nanyi hamkusema, nikashukuru. Kila mwaka nilipoona huu mti haujafika, nyie mlidhani nasikitika. Nilikuwa nafurahi, Dilys. Mungu anisamehe, nilikuwa nashuka nikiwa na furaha."

Upande wa pili wa ua kondoo alikohoa kama mvuta tumbaku.

"Umemaliza?" Dilys aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi sikiliza. Kazi unayo. Bomba la jikoni linavuja tangu Pasaka, na fundi wa kule mwongo, kila siku anakuja kesho. Dirisha la chumbani halifungiki. Na kila usiku mimi nafunga mlango peke yangu, nazima taa peke yangu, nalala nasikiliza hilo bomba. Unataka kazi kubwa kuliko hiyo?" Akahamishia mkoba mkono wa pili. "Mimi sikuolewa na ua, Ambrose. Huo ua mwenyewe haukujui."

Ambrose akasimama, magoti yakalia. Alipanda ngazi akaifungua kamba yake. Akaishusha na kuilaza juu ya kichwa cha Bibi Harusi, akaikaza, akatuma mtu aende kuifunga upande wa pili kwa kipimo hicho hicho. Kisha akaanza kukata, kuanzia barazani.

Alikata mpaka jioni. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu tuone kichwa cha ua kikikatwa kwa kina namna hiyo, mpaka kwenye matawi ya zamani, na wala haikunitia wasiwasi. Mwakani kitachipua chote, kama alivyomwambia Kanali. Matawi mazito yaliangukia turubai na sisi tukaburuta, tukafagia, tukapiga magoti. Dilys alikaa kwenye ndoo na mkoba wake mapajani, akituonyesha vijiti tulivyoviacha. Machozi yalinitoka nikiwa naokota. Desmond aliuliza kulikoni, nikamwambia ni vumbi la miyuu, akasema hata yeye linamsumbua.

Alipofika kwa Bibi Harusi alipitisha mkasi juu yake ukiwa umelala, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Hapakuanguka hata jani. Akashuka, akasogea pembeni, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Panda, Thelma," akasema. "Mwakani ni wewe."

Nilipanda. Mwanzo sikujua nitazame wapi. Ua mzima ulikuwa mbele yangu, bapa, umenyooka mpaka kwenye baraza kama kitanda kilichotandikwa, na sitadanganya, ulikuwa mzuri kiasi cha kunikera.

"Na ng'ambo unaona nini?" Dilys aliuliza kutoka chini.

"Nyasi," nikasema. "Na kondoo."

"Kondoo hata Borth wapo," alisema, akampa Ambrose mkoba ambebee.

Basi ndugu wageni, huyo ndiye mstaafu wetu. Ni mkaidi, ana mdomo, chai yake haisemeki, na katika muda wote huo hakuwahi kumwacha mfanyakazi yeyote afanye peke yake kazi ngumu ambayo yeye mwenyewe hakuwa tayari kuifanya. Aliposhinda vikombe alitugawia vitunguu, tukavizika. Mume wangu wa pili alipoondoka, Ambrose hakuniuliza swali hata moja, ila kwa kipindi chote cha baridi nilikuta kuni zimepasuliwa mlangoni kwangu. Sikumshukuru wakati ule kwa sababu ya ile adabu yetu. Namshukuru sasa, mbele ya watu, na aibu ni yake.

Wanaotaka kupanda ua wa miyuu nyumbani wanaweza kuniuliza mimi kuanzia kesho. Nitawaambia alichonifundisha: chimbeni sehemu isiyotuama maji, pandeni miche michanga badala ya mikubwa kwa kuwa midogo hushika haraka, ilisheni, isafishieni magugu miguuni, msiiruhusu mifugo, na msihesabu miaka. Kama ardhi inateremka, nitawaambia pia lile la Desmond: ua nao uteremke.

Kuhusu zawadi, kamati ilikuwa imenunua mche mzuri wa myuu kwenye chungu. Dilys alipata habari, akapiga simu, na kwa heshima ya wageni sitarudia alichosema. Mche tumeuzuia hapa. Badala yake, Ambrose, utapokea seti kamili ya spana na boksi la washa za bomba, vile vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja, za kila ukubwa.

Hotuba ziwe fupi, hayo pia ni maombi ya Dilys, aliyeegesha gari langoni likitazama barabarani. Ambrose, kwa niaba ya wote waliookota vijiti vyako, tunakushukuru kwa kila kitu ulichokipanda na kwa uvumilivu wetu ulioutumia wote. Tunakuombea uzee wenye afya, bega litulie, na siku nyingi zisizo na kamba wala ngazi. Kesho asubuhi saa moja usije. Utaamka, najua, na utavaa buti kabla hujakumbuka. Zivue. Huku tutaweza, na tusipoweza hatutakwambia.

Na leo usiku, mlango wa Borth ufunge wewe.